Neno chafu la Kiingereza limekushinda: ufungue kamusi ipi?

Kuna Kiingereza ambacho shule haikutufundisha. Unakutana nacho kwenye filamu, kwenye ujumbe wa mfanyakazi mwenzako aliyeko Manchester, kwenye maneno ya mwanasiasa wa Marekani aliyepandwa na hasira, au kinywani mwa mtoto wako anayekulia Minneapolis na ambaye lugha ya mtaani anaijua kukupita. Ni matusi, au nusu tusi nusu utani, na mara nyingi ni neno lililoundwa juzi tu kwa kubandika tusi kwenye neno la kawaida lisilo na hatia. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyoko kabatini, hata ile ya TUKI ya mwaka 1996 ambayo wafasiri wengi tumeitegemea, haikutungwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu huandika neno kwenye simu na kuchukua jibu la kwanza linalotokea.

Majibu hayo hayana uzito mmoja. Kazi yangu ni kutafsiri mazungumzo ya filamu, na nimeona jinsi neno moja lililosomwa kwenye kamusi isiyofaa linavyomgeuza mhusika mpole kuwa mhuni, au linavyomfanya mhuni aongee kama mwalimu wa madrasa. Ninapofungua kamusi ya lugha chafu nauliza mambo manne: maana, ukali, mahali na uhai. Maana ndiyo rahisi kuliko yote. Ukali ni kujua neno linaweza kusemwa mbele ya nani. Mahali nauliza kwa sababu Mwingereza na Mmarekani hawatukanani kwa namna moja. Na uhai ni kujua kama watu wanalisema kweli, au lipo tu kwenye ukurasa wa mtu mmoja aliyelibuni usiku akiwa amechoka kulala. Sijapata kamusi inayojibu yote manne vizuri, ndiyo maana inabidi kuchagua.

Urban Dictionary: ina kasi, haina kichujio

Aaron Peckham aliianzisha mwaka 1999 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, kwa nia ya kuzifanyia mzaha kamusi rasmi. Utaratibu wake ni mwepesi. Yeyote anaweza kuandika neno na maana yake, wasomaji wanapiga kura ya kidole juu au kidole chini, na maana zilizopendwa hupanda.

Nguvu yake ni kasi. Neno likizuka kwa wanafunzi wa Atlanta wiki hii, humo utalikuta kabla halijafika kwenye kamusi nyingine yoyote. Tena kila maana imewekwa tarehe, na tarehe hiyo ni kitu cha thamani ambacho wasomaji wengi hawakitazami. Ukiona neno limeelezwa humo mwaka 2004, una hakika kwamba angalau mtu mmoja alikuwa nalo mwaka huo. Hata watunzi wa kamusi rasmi huipitia wakitafuta dalili.

Udhaifu uko kwenye kura zenyewe. Watu hawapigii kura usahihi, wanapigia kura kilichowachekesha, kwa hiyo maana ya kweli yaweza kuwa imefukiwa chini ya vichekesho vitano. Humo kuna majina ya watu chungu nzima yaliyoelezwa na wapenzi wao au maadui zao. Kuna vitendo vya chumbani vyenye majina ya ajabu ambavyo ukivisoma mara mbili unatambua kwamba mwili wa binadamu hauviwezi. Na kuna chuki ya wazi dhidi ya wanawake, watu weusi na wahamiaji, iliyoandikwa kwa sauti ya utani. Kijana aliyezaliwa Chicago akisoma maana ya kubuni anacheka na kupita, kwa kuwa sikio lake linamwambia. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani hatuna sikio hilo, tunainakili kwenye daftari.

Kuna kisa kinachoeleza hatari hii kuliko maelezo yangu. Kompyuta ya IBM iitwayo Watson, ile iliyowashinda mabingwa wa shindano la maswali la televisheni Marekani mwaka 2011, ililishwa Urban Dictionary ili ijue lugha ya mtaani. Ikajua maneno, lakini haikujua ukali wake, ikaanza kumjibu mtafiti kwa lugha chafu. Ikabidi wahandisi waiondolee yote. Mwanafunzi wa lugha anayeanzia kwenye kamusi hii yuko pale pale ilipokuwa Watson.

Mahakama nazo zimeijaribu. Huko Nevada, idara ya magari ilimnyima mtu namba ya gari yenye herufi HOE, kwa hoja kwamba Urban Dictionary inazieleza kuwa ni tusi kwa mwanamke. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaona kwamba maelezo ya aina hiyo hayatoshi kuwa ushahidi. Nami nafuata kipimo hicho hicho: naichukua kama dalili ya kufuatilia, na naendelea kutafuta.

Kamusi ya Green: ushahidi kwanza

Jonathon Green ni Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya misimu ya Kiingereza, yaani lugha ya mtaani, ya miaka mia tano. Kamusi yake ilitoka mwaka 2010 kwa juzuu tatu nene, na mwaka 2016 ikaingia mtandaoni, ambako sasa inasomwa bure. Anakaa kwenye mnyororo mrefu. Mwaka 1785 Francis Grose, mwanajeshi mstaafu, alichapisha kamusi ya lugha ya wahuni wa London aliyoikusanya kwa kuzunguka mitaani na vilabuni usiku. Mwaka 1937 akaja Eric Partridge, mzaliwa wa New Zealand, aliyefanya kazi yake akikaa kiti kile kile cha maktaba ya British Museum.

Tofauti kubwa ya Green ni manukuu. Yako zaidi ya laki nne, kutoka riwaya, magazeti, tamthilia na kumbukumbu za mahakama, yamepangwa kwa mwaka na kwa nchi. Kila maana unayosoma, chini yake unaona nani aliiandika, wapi na lini.

Chukua neno "fanny". Kwa Mwingereza ni sehemu za siri za mwanamke, nalo halitamkwi mezani. Kwa Mmarekani ni makalio tu, neno laini ambalo bibi anaweza kumwambia mjukuu aliyeanguka, na mkoba wa kiunoni huitwa "fanny pack" madukani bila mtu kushtuka. Maana ya Uingereza ni ya karne ya 19, ya Marekani imekuja baadaye. Mfasiri anayejua maana moja tu ataharibu mojawapo ya filamu mbili. Kwa neno kama hili Green hana mpinzani, maana manukuu yenyewe yanakuonyesha mpaka ulipo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nashikilia sana ushahidi wakati kuna kamusi zenye majina makubwa. Sababu ninazo mbili. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ya Marekani ilichapisha neno "dord" kwa maana ya uzito wa kitu kulingana na ujazo wake. Neno hilo halikuwahi kuwepo. Karatasi ya ofisini iliyosema kwamba D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha "density" ilisomwa vibaya, herufi zikaunganishwa, na mhariri akaja kugundua mwaka 1939. Kisha mwaka 2001 kamusi ya Oxford ya Kiingereza cha Marekani ilipandikiza makusudi neno la uongo, "esquivalience", ili kuwanasa watakaonakili kazi yake. Kumbe hata wenye heshima zao wanaweza kukuletea neno lisilo na mwenyewe. Lakini neno lenye manukuu kumi ya miaka tofauti, kutoka kwa waandishi wasiojuana, haliwezi kuwa kosa la karatasi.

Kasoro za Green ni za mtu anayeandikia wajuzi. Maelezo ni mafupi, vifupisho vingi, na ukali wa neno anaachia msomaji aupime mwenyewe kutokana na manukuu. Manukuu hayo yana ubaguzi wa zama zake, bila kuoshwa. Simshauri mtu kumwachia mtoto wa darasa la saba kamusi hii peke yake.

Kamusi za wanafunzi: zinazodharauliwa bila sababu

Nikizungumzia kamusi ya wanafunzi ya Oxford, ya Longman au ya Cambridge, watu hudhani natania. Hizi ni za kujifunzia salamu na vitenzi, wanasema, matusi yanatoka wapi? Yamo. Ile ya Oxford ilianzia Japani mwaka 1942 kwa mkono wa A. S. Hornby, ikilenga watu ambao Kiingereza si lugha yao ya mama, yaani watu kama sisi. Kwa sababu hiyo inatuambia jambo ambalo mzawa hahitaji kuambiwa: neno hili ni mwiko, hili linaudhi, hili ni la Uingereza tu, hili limechakaa. Longman ina lebo ya maneno yanayosemwa lakini si ya adabu, na lebo hiyo peke yake imeniokolea kazi nyingi kuliko maelezo marefu.

Angalia "pissed". London mtu aliye hivyo amelewa. New York amekasirika. Kamusi ya wanafunzi inazitenganisha maana hizo mbili kwa mistari michache, na kuweka onyo la ukali pembeni, mambo matatu kati ya manne ninayoyatafuta. Kinachokosekana ni upana. Maneno ya kubuni ya mwaka huu hayamo, na mengi hayataingia kamwe.

Ukali: jedwali la Ofcom

Hiki si kamusi, lakini bila hiki ulinganisho wangu ungekuwa na pengo. Ofcom ndiyo mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza. Mara kwa mara hufanya utafiti kwa wananchi ili kujua neno gani linawakera kwa kiasi gani, kwa sababu televisheni ya huko hairuhusiwi kutoa maneno makali kabla ya saa 3 usiku. Matokeo hutolewa hadharani, bure, neno kwa neno.

Katika utafiti wa mwaka 2016, "bloody" na "git" yaliwekwa kwenye kundi la maneno hafifu. "Bollocks" na "pissed" yalikuwa ya wastani. "Fanny" likapanda hadi makali. Kileleni yalibaki machache sana, likiwamo lile la herufi nne linaloanza na F. Kwa mfasiri hii ni dhahabu, kwani Kiswahili chetu nacho kina ngazi zake. Anayesema "git" hastahili kuwekewa kinywani tusi la mama, "mpuuzi" linatosha.

Ukali huo hubadilika na zama. Mwaka 1914, neno "bloody" kwenye jukwaa la London lilizua mtafaruku magazetini. Mwaka 2006 Australia ililitia kwenye tangazo la kuwaita watalii. Uingereza ikalizuia kwenye televisheni, kisha ikalegeza. Leo bibi wa Yorkshire analisema akimfukuza paka. Ukikutana na kitabu cha zamani kinachosema neno fulani ni kali mno, tazama kwanza kilichapishwa lini. Jedwali la Ofcom, hata hivyo, ni la masikio ya Waingereza. Usilipeleke Texas.

Wiktionary na OED

OED, kamusi kuu ya Oxford, nitaipitia upesi. Toleo lake la kwanza, lililotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1884 na 1928, liliyaacha nje makusudi maneno mawili makali kuliko yote. Yaliingia mwaka 1972. Sasa haina haya tena, inaongezewa maneno kila robo mwaka, na mwaka 2022 ilipokea kundi kubwa la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Kwa historia ya neno haina mfano. Lakini ni ya kulipia, na bei yake si ya mtu mmoja mmoja. Ukiishi Uingereza ulizia maktaba ya mtaa wako, kwani kadi ya maktaba nyingi za umma huifungua bure hata ukiwa nyumbani.

Wiktionary ndiyo ninayoifungua mara nyingi kuliko zote. Ilianza Desemba 2002, nayo pia huandikwa na yeyote, kama Urban Dictionary. Kinachozitenganisha ni sharti moja: neno la Kiingereza likipingwa, lazima lionyeshwe kwenye matumizi yasiyopungua matatu yasiyotegemeana, yaliyosambaa kwa mwaka mmoja au zaidi. Ubunifu wa usiku mmoja hufutwa. Neno linalobaki hupewa lebo ya ukali na ya nchi, matamshi, na mara nyingi asili yake. Lebo si makini kama za Longman, na kuna kurasa zilizoachwa nusu. Hata hivyo, kati ya kasi ya Urban Dictionary na ushahidi wa Green, hapa katikati ndipo neno jipya la kweli huonekana mapema.

Nimezipima zote kwa maneno mawili. La kwanza ni "enshittification". Lilibuniwa na mwandishi Cory Doctorow mwishoni mwa mwaka 2022, kueleza jinsi majukwaa ya mtandaoni yanavyoharibika: kwanza yanawapendeza watumiaji, kisha yanawatumikia wafanyabiashara wanaoweka matangazo humo, mwisho yanawakamua wote. Chama cha wanaisimu wa lahaja cha Marekani kililichagua kuwa neno la mwaka 2023, na kamusi ya Macquarie ya Australia ikalichagua mwaka 2024. Katikati ya neno kuna kinyesi, lakini wachumi na wabunge wanalitamka. Kwa hapa Urban Dictionary inakupa maana, ila haikwambii kwamba unaweza kulitumia kwenye makala ya gazeti. Wiktionary inakuonyesha mtunzi na manukuu, na hayo yanakuambia limeshakubalika kiasi gani.

La pili ni "shitgibbon". Februari 2017 seneta wa jimbo la Pennsylvania, Daylin Leach, alimrushia Rais Trump neno hilo, na Marekani nzima ikaamini amelitunga papo hapo. Mwanaisimu Ben Zimmer akalifuatilia hadi Uingereza, kwa mwandishi David Quantick wa gazeti la muziki la NME, karibu na mwaka 1990. Kisha mwanaisimu mwingine, Taylor Jones, akaeleza kalibu yake: neno chafu la silabi moja, likifuatiwa na neno la silabi mbili lenye mkazo mwanzoni, ambalo lenyewe halina ubaya wowote. Gibbon ni jamii ya nyani wa Asia asiye na mkia. Kwa kalibu hiyo hiyo Waingereza wana "cockwomble", ambamo womble ni kiumbe mwenye manyoya wa hadithi za watoto.

Hili linabadilisha namna ya kuchagua kamusi. Maneno ya kalibu hii hayana mwisho, kesho yatazaliwa mengine, na hakuna kamusi itakayoyamaliza. Ukiijua kalibu, huhitaji kutafuta kila moja. Maana ya jumla ni ile ile, mjinga anayejiona, na sehemu ya pili ipo kwa ajili ya mlio. Usitafsiri vipande. Nimeona maandishi ya Kiswahili yenye kinyesi na nyani, na mtazamaji anabaki akijiuliza mnyama ametokea wapi.

Hali ni hiyo hiyo kwa tusi linalochomekwa katikati ya neno, kama "abso-bloody-lutely". John McCarthy aliandika mwaka 1982 kuhusu kanuni yake: tusi hukaa mbele ya silabi yenye mkazo, si popote mtu anapotaka. Katika Kiswahili lipeleke nje ya neno, na uzito wake uubebe kwa "kabisa" au "wallahi", kulingana na msemaji.

Basi ufungue ipi?

Kama unaishi au kufanya kazi na Waingereza au Wamarekani na unataka kujua bosi wako alikuwa anatania au anakutukana, anza na kamusi ya wanafunzi, ya Oxford au Longman, kisha Ofcom kama bosi ni Mwingereza. Usianze kwingine.

Mzazi aliyesikia neno geni kwa mtoto aende Wiktionary. Likikosekana huko, Urban Dictionary, lakini asome maana tano au sita, atazame tarehe, na achukue tu kile ambacho waandishi watatu tofauti wamekubaliana bila kutaniana. Halafu amuulize mtoto mwenyewe, kwa upole. Mara nyingi mtoto ndiye atakayejua.

Mfasiri na msimulizi wa filamu wanahitaji mbili kwa pamoja: Longman kwa ukali, Green kwa mahali na wakati. Filamu ya London ya mwaka 1960 ina matusi yake, na Green anakuonyesha neno gani lilikuwa hai mwaka huo. Mwanafunzi wa isimu anayeandika tasnifu aongeze OED, na Urban Dictionary aitaje tu pale anapochunguza Urban Dictionary yenyewe.

Kuhusu programu za akili bandia, ambazo wengi sasa huziuliza kabla ya yote: zinaeleza kwa ufasaha, hata neno ambalo halipo. Ziombe nukuu yenye mwaka na jina la chapisho, kisha uihakiki kwa Green au Wiktionary. Nukuu isipopatikana, liache neno hilo.

Na kwa mwenye bando la kubana, Wiktionary ya Kiingereza inaweza kupakuliwa nzima kupitia programu ya bure iitwayo Kiwix na kusomwa bila intaneti. Ni faili kubwa, ipakue kwenye waifai ya ofisini au chuoni.